Nani Atarudia Kupima Mkungu? Mivutano ya Kutunga Ontolojia ya Pamoja ya Migomba

Mkungu wa matooke ukishashushwa mgombani huwa na uzito zaidi ya mmoja. Kuna uzito wake na bua lote, vile ulivyokatwa kwa panga. Kuna uzito baada ya bua kupunguzwa juu ya chane ya kwanza na chini ya chane ya mwisho. Kuna na uzito wa chane peke yake, zikishatenganishwa na kutiwa kapuni. Tuseme mkungu una kilo 20 na bua lina kilo 2. Hapo tofauti ni asilimia 10, na asilimia 10 inaweza kuwa ndiyo yote anayoihangaikia mtafiti misimu mitatu akilinganisha aina mpya na ya zamani. Sasa chukua majedwali ya taasisi tatu, moja Mbarara, moja Kagera, moja Kivu ya Kaskazini, uyaweke pamoja. Safu zote tatu zimeandikwa "uzito wa mkungu", na hakuna aliyekosea tahajia.

Ontolojia ya pamoja hutungwa ili hilo lisitokee. Haiishii kuwa kamusi. Kila dhana hupewa namba yake, ufafanuzi mmoja, mzazi wake (hii ni aina ya ile) na mahusiano yake na nyingine (hiki ni sehemu ya kile), kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuisoma na kuikagua. Lugha zake ni RDF na OWL, viwango vya W3C (shirika la viwango vya wavuti), na mtu mwenye uzoefu wa data hujifunza misingi yake kwa muda mfupi. Kazi huanza kuwa nzito watu wanapoketi pamoja. Tunawaandikia wanaoanza jambo hili Uganda au kwa jirani, ambako watafiti, vyama vya wakulima, watu wa takwimu na wafadhili hukaa meza moja, na kila mmoja amekuja na data aliyokwisha kuikusanya.

Mabishano mengi yanayosikika kama ya maana ya neno, kiini chake ni gharama. Mtu akisema "ufafanuzi huu si sahihi kisayansi", sikiliza vizuri. Mara nyingi anachoogopa ni kwamba ukipita, data yake ya misimu sita itabidi ipangwe upya, na hana mtu wala fedha ya kuipanga. Ukimuuliza kuhusu sayansi atakujibu kwa sayansi, na mjadala utakwenda miezi. Ukimuuliza ni kazi gani itamwangukia, ataitaja papo hapo, na ndipo mazungumzo yenyewe yanaanza.

Kwa hiyo kila pendekezo la kubadili dhana liambatane na karatasi ya gharama, nusu ukurasa inatosha. Ijibu mambo matatu kwa kila taasisi: ni faili ngapi zinazotumia dhana hiyo, ni za misimu mingapi, na je, data ya zamani inaweza kugeuzwa kwa hesabu au la. Swali la tatu ndilo zito. Ekari hugeuzwa hekta kwa kuzidisha kwa 0.4047, kazi ya dakika moja. Uzito wa mkungu wenye bua hauwezi kugeuzwa kuwa uzito bila bua kama bua halikupimwa siku ile, na mkungu wenyewe ulikwisha kuliwa. Anayependekeza asijaze karatasi hiyo kwa niaba ya wenzake. Kila taasisi ijaze sehemu yake.

Kisha kuna jaribio moja ambalo tungelibandika ukutani kama tungeruhusiwa kubandika kitu kimoja tu. Mabadiliko ya ufafanuzi ni ya namna mbili. Kuna kunyoosha maneno ili maana ileile ieleweke zaidi, na kuna kubadili maana. Karibu kila anayebadili maana huamini kwamba ananyoosha maneno tu. Ili kuwatenganisha, tafuta mstari mmoja wa data, mmoja tu, uliokuwa sahihi kwa ufafanuzi wa zamani na ambao ungekuwa kosa kwa ufafanuzi mpya. Ukipatikana, hiyo ni dhana mpya, nayo ipewe namba mpya. Usipopatikana baada ya kila taasisi kutafuta katika faili zake, hariri na uendelee. Jaribio hili linafaa kwa sababu halimtaki mtu akubali kwamba mwenzake ana akili kuliko yeye. Linataka mstari.

Tulirudishe kwenye mkungu. Pendekezo linasema: tufafanue "uzito wa mkungu" kuwa ni uzito bila bua. Mstari wa kulipinga unapatikana mara moja, kwa sababu kuna waliopima na bua. Makosa mawili hufuata hapa. La kwanza ni kulazimisha ufafanuzi mpya juu ya namba ya zamani. Data ya zamani haibadiliki hata herufi moja, lakini kuanzia siku hiyo inasema uongo, na hakuna atakayegundua mpaka uchambuzi utoe matokeo ya ajabu. La pili ni kuifuta dhana ya zamani na kuweka mbili mpya, kisha kuwaambia watu wapange upya. Hawatapanga. Watabaki na toleo la zamani kimyakimya, na umoja utakuwa umevunjika bila barua ya kujiuzulu.

Kilichotufaa mara nyingi zaidi ni kuiacha dhana ya zamani mahali pake na namba yake, ufafanuzi wake ukisema wazi kwamba namna ya kukata bua haikuelezwa, halafu kuizalia watoto: uzito wa mkungu na bua zima, uzito wa mkungu na bua lililopunguzwa, uzito wa chane pekee. Data ya zamani inabaki kwa mzazi. Data mpya inaandikwa kwa mtoto. Hakuna anayerudia kazi. Lakini suluhu hii nayo ina mtego wake. Ukiuliza mfumo ukuletee data yote ya mzazi, utaletewa na ya watoto, na ukitoa wastani wake umechanganya tena vilevile ulivyokuwa ukivikimbia. Kwa hiyo dhana mzazi ya namna hii iwekewe alama kwamba haifai kutolewa wastani, na alama hiyo iwe sehemu ya ontolojia. Maelezo yanayokaa kwenye barua pepe hayamfikii mchambuzi.

Crop Ontology, ontolojia ya mazao inayoendelezwa chini ya CGIAR (mtandao wa kimataifa wa vituo vya utafiti wa kilimo), ililitatua tatizo la aina hii kwa kutenganisha sifa inayopimwa, njia ya kuipima na kipimo. Vitatu hivyo kwa pamoja ndivyo kigezo kimoja cha data. Tunaipendekeza kwa moyo wote. Pale watu wanapogombana juu ya alama za ugonjwa, kwa mfano mmoja anatumia 1 hadi 5 na 1 maana yake ni mmea usio na dalili, mwingine anaanza na 0, muundo huo unaonyesha mara moja kwamba sifa ni ileile na kipimo ndicho tofauti. Hakuna haja ya mmoja kushindwa.

Sasa majina. Kiswahili kina bahati hapa: mgomba ni mmea, mkungu ni zao zima la mgomba mmoja, chane ni safu yake moja, ndizi ni tunda. Luganda vilevile hutenganisha ekitooke, enkota na ekiwagu. Kiingereza huita mmea na tunda kwa neno moja, na hapo ni rahisi ontolojia iliyoanzishwa kwa Kiingereza kukosea na kusema tunda ni aina ya mmea. Ukianza kwa kuchora sehemu hizi kwa Kiswahili, kila moja kwa jina lake, wenzako wataona wenyewe.

Bahati inaishia hapo. Ukisema "ndizi" Dar es Salaam umetaja kila aina. Ukisema "ndizi" Kampala umetaja ile ndogo tamu, Sukali Ndizi, ya kundi la AAB (herufi hizi huonyesha urithi wa migomba miwili ya porini: A ni Musa acuminata, B ni Musa balbisiana). Matooke ni AAA ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Bogoya nayo ni AAA, lakini ni Gros Michel na ni jambo jingine kabisa. Gonja ni AAB ya namna ya plantini. Kayinja, ya kutengenezea pombe, ni ABB. Tulia hapo kwenye matooke, maana ndipo pagumu kuliko pote. Wataalamu wa migomba huigawa migomba hiyo ya nyanda za juu katika makundi matano: Mbidde, Musakala, Nakabululu, Nakitembe na Nfuuka. Mbidde ni chungu, hutumika kwa pombe. Je, Mbidde ni matooke? Mtaalamu wa vinasaba atasema ndiyo bila kufikiri mara mbili. Mama anayeuza sokoni Kalerwe, Kampala, atakushangaa, kwa kuwa hakuna mtu atakayeipika Mbidde na kuwaandalia wageni. Wote wawili wanasema kweli. Wanazungumzia vitu viwili, kundi la kinasaba na chakula, na kila kimoja kinastahili namba yake. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba matumizi yasifanywe kuwa aina. Kupika, kuchoma, kula zikiwa mbivu na kukamua ni mambo ambayo watu huufanyia mkungu, na mkungu mmoja unaweza kufanyiwa zaidi ya moja. Ukiandika katika ontolojia kwamba ndizi ya kupika na ndizi ya kuiva ni makundi yasiyoingiliana, programu ya kukagua mantiki itakuletea gonja kama dhana isiyoweza kuwa na kitu chochote ndani yake, kwa kuwa gonja ipo pande zote mbili.

Ugomvi wa jina lipi liwe la kwanza unaisha ukikubali kwamba jina si kitambulisho. Kitambulisho kiwe herufi chache za mradi na namba tupu ya tarakimu saba, isiyo na neno la lugha yoyote ndani yake. Majina yafuate kama lebo, kila moja na alama ya lugha: sw kwa Kiswahili, lg kwa Luganda, nyn kwa Runyankore, ach kwa Acholi, teo kwa Ateso. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na sisi tunakipenda, lakini karani wa shambani Bushenyi ataijaza fomu vizuri zaidi akiona jina analolitumia na wakulima. Lebo ya lugha fulani iidhinishwe na mzungumzaji wa lugha hiyo aliyefanya kazi shambani. Tafsiri ya mashine isiingie bila macho yake.

Kwa haraka, jambo linaloonekana dogo: saa. Karani anayefikiri kwa Kiswahili au Luganda akiandika "saa 2" ana maana asubuhi baada ya jua kuchomoza. Mfumo utasoma saa 8 za usiku, muda ambao hakuna aliyekuwa shambani. Fomu idai muda kwa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, na kwenye karatasi pachapishwe "08:00".

Mnyauko ulileta mvutano wa aina nyingine, kati ya shamba na maabara. Mnyauko wa bakteria uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na migomba ilikwisha kuwa na mnyauko wa ukungu wa fuzari kabla ya hapo. Kwa mbali yote miwili ni majani ya njano yanayoning'inia. Ukikaribia tofauti zipo: wa bakteria huivisha ndizi kabla ya wakati na kuziozesha ndani, na shina likikatwa hutoa ute wa njano, ilhali wa fuzari huanzia majani ya zamani na ndani ya shina huonyesha mistari ya kahawia inayoelekea wekundu. Afisa ugani anaandika alichokiona. Maabara inataka neno "ugonjwa" litumike pale tu vipimo vimethibitisha. Mkiwalazimisha kutumia dhana moja, mmoja wao ataacha kuleta data. Tenganisha: dalili zilizoonekana ni uchunguzi, ugonjwa uliothibitishwa ni hitimisho, na uhusiano kati yao uandikwe. Afisa wa Isingiro asijione amedharauliwa kwa sababu hana maabara. Alichokiona ni data kamili, ya daraja lake.

Mfano huo una somo lingine. Bakteria mwenyewe alijulikana kama Xanthomonas campestris, na wataalamu wakamhamishia Xanthomonas vasicola. Waliokuwa wametumia jina la kisayansi kama kitambulisho walilazimika kugusa kila faili. Waliotumia namba walibadili lebo, wakaliacha jina la zamani kama kisawe, wakalala.

Ulinganisho na ontolojia za nje ndipo tulipoona watu wenye nia njema wakiharibu kazi nyingi kwa siku moja. SKOS, kiwango cha W3C cha kupanga na kulinganisha istilahi, ina uhusiano uitwao exactMatch, maana yake hii na ile ni sawa kiasi cha kuweza kutumiwa moja mahali pa nyingine. Uhusiano huu unarithishana: kama A ni sawa na B, na B ni sawa na C, basi A ni sawa na C, hata kama hakuna binadamu aliyeandika hivyo. Sasa fuata mnyororo. Mtu Kampala anaandika kwamba matooke ni sawa na ndizi za kupika. Mwingine, akitumia orodha ya takwimu za kimataifa ambayo huweka plantini na ndizi za kupika kapu moja, anaandika kwamba ndizi za kupika ni sawa na plantini. Wa tatu, kwa haki kabisa, anaandika kwamba gonja ni sawa na plantini. Mashine inahitimisha kwamba matooke ni gonja. Kila hatua ilionekana ya busara kwa aliyeiandika. Kanuni yetu: chaguo la kawaida liwe closeMatch, ambayo hairithishani, au broadMatch pale upande mmoja ni mpana zaidi. Anayetaka exactMatch asome ufafanuzi wote wawili, asaini kwa jina lake, na mtu wa pili asaini. Majina kufanana si ushahidi. Hili lihusu pia kulinganisha na CO_325, sehemu ya migomba ya Crop Ontology, na AGROVOC, orodha ya istilahi za kilimo ya FAO, ambazo ni hazina nzuri na zisiachwe. Kabla ya kutunga dhana mpya, anayependekeza aonyeshe kwamba alizitafuta humo.

Ontolojia ya juu kabisa, ile inayogawa vitu na matukio, huweza kuwalia miezi. BFO (Basic Formal Ontology), ambayo tangu 2021 ni ISO/IEC 21838-2, inatosha. Ichagueni, mteue mtu mmoja anayeielewa apange mizizi, wengine wasilazimishwe kujua kama ugonjwa ni mwelekeo au ni mchakato. Watu wa shambani wakisikia mjadala huo wiki ya kwanza, wiki ya pili hawaji.

Kwenye faili zenyewe, matatizo matatu hujirudia. La kwanza ni namba kugongana. Wahariri wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, wanatunga dhana mpya na programu inawapa namba inayofuata, ileile. Kazi zikiunganishwa, mfumo wa kutunza matoleo unaweza usilalamike, kwa sababu mistari haikugusana. Matokeo yake ni dhana moja yenye majina mawili na fafanuzi mbili, nusu chane nusu jembe. Dawa: kila mhariri apewe safu yake ya namba mapema, tuseme 0001000 hadi 0001999 kwa wa kwanza, 0002000 hadi 0002999 kwa wa pili, na aiingize kwenye mipangilio ya Protégé, programu ya kuandikia ontolojia, kabla hajaandika chochote. Mtu akiondoka, safu yake isigawiwe mwingine. Na kila kabla ya kuunganisha, endesha ripoti ya ROBOT, programu ya kukagua na kugeuza faili za ontolojia. Inaonyesha dhana yenye lebo zaidi ya moja, dhana isiyo na ufafanuzi, na lebo moja iliyotumiwa na dhana mbili.

La pili ni mpangilio wa faili. Mhariri anabadili neno moja, programu yake inahifadhi faili kwa mpangilio mwingine, na mkaguzi anaonyeshwa mistari maelfu iliyobadilika. Hawezi kukagua hayo, kwa hiyo anakubali kwa kuamini, au anakataa kwa kutoamini, na njia zote mbili huzaa kinyongo. Wote watumie toleo moja la Protégé, faili ihifadhiwe kwa sintaksia ya kifunksheni ya OWL, ambapo kila kauli hukaa mstari wake, na ROBOT iipitishe faili mara ya mwisho kabla ya kuituma. Badiliko la neno moja lionekane kuwa mstari mmoja.

La tatu ni majedwali. Wengi hawataki kufungua Protégé, na wasilazimishwe. Wapeni jedwali lenye safu za kitambulisho, jina, ufafanuzi, mzazi, chanzo, mpendekezaji, na lebo za lugha, na ROBOT italigeuza kuwa OWL. Onyo: programu za majedwali hugeuza "1-5" kuwa tarehe bila kuuliza, na hufuta sifuri za mwanzo, 0001000 ikawa 1000. Safu zote ziwekwe kuwa maandishi kabla ya kujazwa. Kipimo cha alama za ugonjwa kikishakuwa tarehe 1 Mei, hakuna atakayejua kilikuwa nini.

Tukija kwa watu wenyewe: kimya si ridhaa mpaka mkubaliane kwamba ni ridhaa, na kwa muda gani. Siku 14 ni muda wa haki, lakini hesabuni na msimu. Kusini mwa Uganda mvua kubwa ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na watu wanaojua mkungu hupimwaje wako shambani, simu ina chaji kidogo na mtandao wa kubahatisha. Pendekezo linalofunguliwa Aprili na kufungwa Aprili litapitishwa na watu wa ofisini peke yao, na Juni litapingwa kwa hasira. Miezi ya mvua muda uongezwe mara mbili, au mabadiliko ya maana yasiguswe kabisa. Pingamizi nalo liwe na kitu mkononi: mstari wa data unaopinga, au ufafanuzi mbadala ulioandikwa kikamilifu, au karatasi ya gharama. "Sikubaliani" peke yake ipokelewe kwa heshima, iandikwe, ila isizuie.

Kuna jambo la adabu zetu ambalo wageni hawalioni. Katika mkutano ambapo daktari wa utafiti, ambaye kila mtu anamwita Mzee, amekwisha kusema kwamba mkungu hupimwa bila bua, karani aliyeushika mzani kwa mikono yake hatanyanyua mkono kusema "hapana, Mzee, sisi tunapima nalo". Atanyamaza, na kunyamaza kwake ni heshima. Lakini yeye ndiye pekee anayejua. Kwa hiyo maoni yakusanywe kwa maandishi kabla ya mkutano, na mkutanoni wadogo waanze, wakubwa wamalizie. Msimamizi asome mwenyewe maoni ya karani, kwa sauti: "Tumeletewa picha kutoka shambani, bua limo kwenye mzani." Picha haibishani na mtu, na Mzee mwenye busara atasema "basi tuandike hivyo". Tunawasihi wasimamizi wasilipuuze hili. Makosa mengi ya ufafanuzi tuliyoyaona yalijulikana na mtu aliyekuwemo chumbani.

Kura iwe moja kwa kila taasisi. Taasisi yenye fedha italeta watu wanane kwenye kikao cha mtandaoni, chama cha wakulima kitaleta mmoja ambaye umeme utakatika katikati. Na anayetoa matoleo awe na naibu katika mji mwingine, wote wawili wakiwa na funguo.

Leseni iamuliwe kabla ya mchango wa kwanza, kwa sababu baadaye kila mchangiaji lazima aombwe ridhaa. CC BY (tumia, ila taja chanzo) au CC0 (tumia bila sharti) zote zinafaa. Leseni inayokataza biashara inafunga milango ya kuchanganya kazi yenu na za wengine, hata wale mnaowapenda. Majina ya waliochangia yaandikwe kwenye dhana yenyewe, pamoja na ya makarani, kwa namba ya ORCID (kitambulisho cha kudumu cha mtafiti) kama wanayo, nayo hufunguliwa bure. Tumeona ushirikiano ukipoa kwa sababu hii zaidi ya sababu yoyote ya kisayansi: fafanuzi ziliandikwa na watu kumi, jina likatoka la mmoja. Mifano ya data inayoambatana na dhana isiwe na jina la mkulima wala alama za ramani za shamba lake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inahusika, na mkulima hakukubali kuwa mfano.

Dhana inayostaafu isifutwe kamwe. Iwekewe owl:deprecated, alama ya OWL ya kilichostaafu, lebo yake ianze na neno la kustaafu, ielekeze kwenye mrithi wake kama ni mmoja, na kama imegawanyika, itaje wote kama wa kufikiriwa, bila kumfanya yeyote kuwa mrithi. Kila toleo liwe na tarehe yake katika anwani, na kila faili ya data itaje toleo lililotumika. Mahali napo pana umri: wilaya ya Wakiso ilikatwa kutoka Mpigi mwaka 2000, Rwampara kutoka Mbarara mwaka 2019, na "Mpigi" ya mwaka 1998 si "Mpigi" ya leo. Ni kanuni ileile ya mstari mmoja, na wilaya mpya ni namba mpya.

Anwani za dhana zisikae kwenye jina la tovuti la mradi. Fedha zikiisha, jina hilo halilipiwi, na dhana zote zinakuwa viungo vilivyokufa. Tumieni huduma ya anwani za kudumu kama w3id.org, inayoelekeza popote faili ilipo.

Na mkishindwana kabisa, wanaoondoka waondoke na nakala nzima, leseni inawaruhusu. Lakini wachukue herufi zao mpya za kitambulisho siku hiyohiyo, wasibadili maana chini ya namba za zamani, na wahifadhi ulinganisho kati ya namba zao na zile walizoziacha. Jedwali la safu tatu linatosha: namba ya zamani, namba mpya, na aina ya uhusiano. Likitunzwa hilo, data ya Mbarara na ya Bukoba bado zinaweza kusomwa pamoja, hata kama walioziandika hawasalimiani.